Unene wa Mke Mdogo

Mume wetu alipokufa alituachia nyumba moja yenye milango miwili, shamba la mpunga kule Idete, na virusi. Nyumba tulikuwa tumeshagawana zamani, mimi upande wa barabarani, mke mdogo upande wa nyuma. Shamba tuligawana kwa mtaro. Virusi havikuhitaji mgawanyo. Tulipima siku moja, tukakaa benchi moja, tukaambiwa neno moja. Baada ya hapo ikapita kama nusu mwaka, mimi nikaanza kukonda na yeye akaanza kunenepa.

Wivu wangu haukuanzia kwenye unene. Mimi ndiye niliyefungishwa ndoa kanisani, na picha ipo. Yeye marehemu alimtoa Mofu, alikokuwa akienda na baiskeli kununua samaki. Alirudi siku moja na tenga la perege nyuma na msichana mbele. Nilipokea perege. Msichana alijishukia mwenyewe. Alikuwa na mwanya, na kila alipocheka mume wangu alisahau alichokuwa akisema. Huo ulikuwa wivu wa kawaida wa wake wenza, nami niliuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Huu wa pili ulikuwa mwingine. Miaka ile ya tisini ukikonda umeshahukumiwa. Mtu alitoka kuugua malaria, akapungua kidogo, akawa anajieleza kwa watu kabla hawajamuuliza. Mimi nilikonda hadi nikawa navaa vitenge viwili ndani ya gauni nikienda misa, ili nionekane bado nina nyonga. Mwenzangu kila asubuhi alifungua mlango wa nyuma akatoka na uso wa mviringo, mashavu yanang'aa, macho yamekuwa madogo kwa kunona. Kwenye pampu ya maji wanawake walimpokea kwa vicheko. "Nyota njema huonekana asubuhi," walimwambia. Halafu walinitazama mimi, wakatazamana wao kwa wao. Hesabu yao ilikuwa rahisi: aliyekonda ndiye mwenye ugonjwa, basi ndiye aliyemuua mume.

Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Tuligawana mwanamume, tukagawana maradhi, unene akauchukua peke yake! Nikasema huyu lazima kuna kitu anatumia na ananificha. Nikaanza kumchunguza.

Hakuna anayekutazama vizuri kama mwenye wivu. Mama yake mzazi alikuja kutoka Mofu na kifurushi cha samaki wa chumvi, akamwona, akasema, "Mwanangu amepona," akaishia hapo. Mimi sikuishia hapo. Niliona kwamba uso ule wa asubuhi haukufika jioni. Jua likianza kushuka mashavu yalikuwa yamepungua, na miguu ndiyo imejaa. Mikanda ya kandambili ilimzamia, na akizivua, alama yake ilibaki pale juu ya unyayo mpaka amalize kupeta mchele. Niliona pia kwamba kichwa kilimuuma kila siku, na kila siku alimeza vidonge vya dukani.

Tena kulikuwa na povu. Bafu letu lilikuwa moja, la matete, huko nyuma, na yeye aliamka kabla yangu. Nikiingia nilikuta povu jeupe limekaa kando ya mfereji, halipasuki. Mwanzoni nilidhani ni sabuni. Nikaumia: sabuni gani hii yenye povu la namna hii, na mimi naoga na kipande cha sabuni ya kufulia? Nikainama nikanusa. Haikuwa sabuni. Basi, nikasema, ni dawa. Anakunywa dawa ya kunenepesha, kazidisha, inatoka na povu.

Nikaenda hospitali kushtaki.

Daktari aliyetupima alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache na haraka nyingi. Nilipofika zamu yangu nilimwambia nimekuja kudai haki.

"Haki ipi, mama?"

"Ile dawa ya unene mnayompa mke mwenzangu. Nasi tulipima pamoja."

"Dawa hiyo haipo. Ingekuwepo, hilo benchi la nje lisingejaa hivyo." Akataka kumwita anayefuata, kisha akanigeukia. "Ananenepa wapi?"

"Asubuhi usoni, jioni miguuni."

Akaweka kalamu chini. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimepata mtu wa kunisikiliza, nilimwaga yote: macho kuwa madogo, mikanda ya kandambili, kichwa, vidonge vya dukani, povu. Sidhani kama kuna mgonjwa aliyewahi kuelezwa vile na ndugu zake wanaompenda.

"Mwenzako hanenepi," daktari alisema. "Anavimba. Nadhani ni figo. Wenye virusi wengine huwashika huko kimyakimya, hawaumwi popote, na hapa wanaletwa wameshafura mwili mzima, hatuna la kufanya. Huyu, kama ni hivyo unavyosema, bado ni mapema. Mlete kesho. Usiseme wiki ijayo."

Nitasema nilichohisi kwanza: furaha. Hanenepi! Nilitembea na furaha hiyo hadi kwenye daraja la mto Lumemo. Pale nilisimama nivute pumzi, nikawaza huyu akifa nitabaki peke yangu ndani ya nyumba ya milango miwili, wa kunijua hali yangu hayupo, na wale wa pampu watasema nimewamaliza wawili. Furaha ikaisha. Njia iliyobaki nilikwenda mbio, vitenge vinanishuka.

Nilimkuta uani anaanika mpunga. Alikuwa amejifunga ile kanga yake aliyoinunua kwa ajili yangu, iliyoandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe unaumwa."

Akacheka, mwanya wote nje. "Mimi? Dada, jitazame kwanza mwenyewe."

"Daktari anataka uende kesho. Hayo mashavu ni uvimbe. Figo zako haziko sawa."

Kicheko kikakatika. "Umekwenda kunisema hospitali? Tangu nimeshuka kwenye ile baiskeli hujaipenda sura yangu. Sasa Mungu kaninawirisha, unaniambia ni ugonjwa?"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mama yake akatoka ndani na mwiko mkononi. "Mwache mwanangu anenepe," alisema. "Wewe ulikatazwa na nani?"

Nikaona nikibaki kwenye maneno watanishinda. Nikachuchumaa, nikamkamata mguu, nikabonyeza kidole gumba kwenye muundi wake, nikahesabu pumzi mbili tatu, nikaachia. Shimo likabaki. Halafu nikajibonyeza wangu mwenyewe, palepale mbele yao: mfupa mtupu, hakuna alama. Tukalitazama lile shimo sote watatu. Kuku akapanda kwenye mkeka akaanza kula mpunga na hakuna aliyemfukuza.

"Wivu hauwezi kuchimba shimo kama hilo," nilisema.

Mama yake akashusha mwiko, akamgeukia bintiye. "Nenda naye. Kama ni uongo, urudi umtukane hapahapa, nami nitakusaidia."

Kesho yake tukaenda. Kule maabara mpimaji alitia mkojo wake kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakishika kwa koleo juu ya moto mdogo wa spiriti. Ulipochemka ukabadilika, ukawa mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango. Akadondosha tone la dawa, weupe haukutoka. Nikamwambia apime na wangu. Wangu ulichemka ukabaki kama chai ya rangi.

Nilikuwa nimemshinda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kwetu Ifakara. Nikageuka nimtazame nifaidi ushindi wangu, nikakuta amenishika gauni kiunoni kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa sindano, na kitenge cha ndani kimechomoka kinaning'inia.

"Dada, hiki nini?"

"Makalio."

Alicheka huku machozi yanamtoka hadi mpimaji akageuka kututazama. Nami nikacheka. Sikupenda, lakini nilicheka.

Daktari alimweleza kwamba figo ni chujio, na chujio lake limeanza kutoboka, linapitisha vitu ambavyo vingebaki kwenye damu. Akampima presha, akampa vidonge. Vile vya dukani akavipiga marufuku, na chumvi pia. Dawa ya virusi vyenyewe hatukuwa nayo, wala hakutudanganya kwamba inakuja. "Figo tutazichelewesha," alisema, "mradi mmewahi."

Kazi ya kupika ikawa yangu, kwa sababu mkono wake mwenyewe ulikuwa ukienda kwenye kopo la chumvi bila ruhusa. Samaki wa chumvi waliokuja kutoka Mofu niliwala mimi, tena walikuwa watamu.

Uvimbe ukashuka. Mashavu yakaondoka, akabaki mwembamba kama mimi, na kwenye pampu wakapata la kusema: mke mkubwa kamkausha mwenzake. Mara hii alijibu yeye. "Kanikausha kweli," alisema, akatua ndoo. "Angeniacha nilivyolowa, mngekuwa mmeshanizika."

Watu husubiri niseme kwamba baada ya hayo wivu uliniisha. Uniishe wapi! Mimi nilivyokonda nilifanana na mwiko. Yeye alipokonda shingo ikatokeza, mwanya ukaonekana zaidi, akawa kama bibi harusi. Ningeua mtu.

Lakini tulikuwa na utaratibu wetu. Kila asubuhi, kabla hajanawa, alikuja kwenye mlango wangu wa barabarani. "Shikamoo, dada. Haya, nitazame." Nami nilimtazama kama zamani, macho, mashavu, hadi miguuni. "Sina wivu," nilimjibu, maana yake uso umekonda vizuri, nenda zako kwenye pampu. Wapita njia walitusikia wakadhani tumerukwa na akili.

Asubuhi moja ya masika, mpunga wa Idete umeanza kutoa masuke, alikuja na ndoo mkononi, anaimba. Alikuwa hajajiona. "Haya, nitazame." Nikamtazama. Macho yalikuwa yamekuwa madogo tena. Nikachelewa kujibu, akaacha kuimba.

"Leo nina wivu," nilimwambia.

Hakubisha. Aliweka ndoo chini, akaenda upande wake akachukua kanga, ile ileile, na aliporudi aliuliza swali moja tu, kama abebe kichupa cha mkojo au watatupa hukohuko.

Tuliwahi siku hiyo, na mara nyingine tena. Figo zake zilimfikisha mbali kuliko daktari alivyotegemea. Kilichomchukua baadaye kilikuwa kifua. Dawa za virusi zilipofika bondeni kwetu zilinikuta mimi, yeye hazikumkuta.

Siku hizi nimenenepa. Kliniki wananiambia nichunguze uso wangu nikiamka. Nasimama mlangoni asubuhi. Binti aliyeniachia mwenzangu, nikamlea mimi, anapita mbio na mwanya wa mama yake. "Shikamoo, mama mkubwa. Umenawiri!" anasema, na anakwenda zake kazini. Ananipenda, hawezi kuona kitu. Marehemu mama yake alikuwa na mimi. Kwa hilo namwonea wivu mpaka leo.