Hebu Rusha Nione

Kocha alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mkorofi ningemchukia nikapumzika. Lakini alikuwa mtu wa kumbeba mgongoni mtoto aliyeteguka mguu, wa kugawa machungwa aliyoyanunua mwenyewe, wa kujua nani hajala asubuhi. Na mtu huyo huyo ndiye aliyemfungia mlango mwanangu huku anatabasamu.

Nasema mwanangu, ingawa ni wa kaka yangu. Mama yake alipofariki, kaka alimleta kwangu na kifurushi cha nguo, akaenda kutafuta kazi mbali, na huko huko akapotelea. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ni cha mashine na meza ya kukatia, cha nyuma ni cha kulala, na nyuma ya nyumba kuna ua mwembamba wenye ukuta mrefu usio na dirisha. Hapo ndipo mtoto alipokulia. Alikuwa mnene. Sisemi kwa kumsema. Nguo zake zote nilishona mimi, kwa hiyo namjua kwa tepu. Mabega mapana, nyonga pana, mikono iliyojaa. Shuleni wakamwita Kibonge, na mwenyewe akalizoea jina hilo hadi ukimwita kwa lingine hageuki.

Shule yao ilikuwa na timu ya softiboli ya wasichana. Kwa asiyeujua mchezo huo, mrushaji husimama katikati, huuzungusha mkono wake mzima na kuuachia mpira chini, karibu na paja. Mpigaji humsubiri na gongo. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, amevaa kinyago cha waya na kinga za kifua na miguu, adake kila kinachopita. Mrushaji ndiye anayetazamwa na watu wote. Mdakaji anakula vumbi.

Siku ya kwanza Kocha aliwapanga mstari, akapita akiwaangalia kama mtu anayechagua nyanya. Warefu hapa, wenye mbio kule mbali. Alipofika kwa Kibonge hakupoteza muda, akamvika kinyago.

"Wewe ni mdakaji. Unaonekana tu," alimwambia, akampigapiga begani.

"Sawa, Kocha."

Alirudi nyumbani anarukaruka kwa kuchaguliwa, nami nikafurahi naye. Wala sikujua kwamba kuna jambo la kuuliza.

Lakini alichokipenda mtoto yule ni kurusha. Nililijua hilo kupitia ukuta wangu. Kila jioni, mimi nikiwa kwenye mashine, nilisikia mpira ukigonga huko nyuma, pu, pu, pu, na lipu ikimwagika.

"Wewe! Huo ukuta umekukosea nini?"

"Nakuja, Shangazi! Moja la mwisho!"

Hilo moja la mwisho lilikuwa halifiki. Nikachoka kunung'unika. Siku moja nikatoka na chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikapiga mraba ukutani, kutoka usawa wa magoti mpaka usawa wa kifua, nikamwambia kama ni kubomoa abomoe humo humo. Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo lipu ilibanduka ndani ya mraba, matofali yakatoka nje, na nje ya mistari yangu ukuta ukabaki mzima kama siku uliyojengwa.

Mrushaji wa timu alikuwa msichana mrefu mwembamba waliyemwita Twiga. Alikuja nyumbani siku moja nimpunguzie sketi, akamkuta Kibonge uani. Kwa mzaha akaokota ufito akasimama mbele ya ule mraba. "Haya, nirushie." Kibonge akarusha. Twiga akachapa hewa. Akarusha tena, na tena. Twiga akachapa hewa mpaka jasho likamtoka, na ule mzaha ukamwisha usoni. Niliwaona kupitia mlango, sindano mdomoni.

"Kibonge," alisema, "mwambie Kocha. Kweli kabisa, mwambie."

Namshukuru msichana yule hadi leo. Si wengi wangesema vile kuhusu mtu wa kuwanyang'anya nafasi.

Kibonge akapiga moyo konde, akamwendea Kocha baada ya mazoezi. Jibu alilopewa alinieleza jioni ile huku anachambua mchele, hanitazami. Kocha alicheka, si kwa ubaya. Alimwambia mrushaji anatakiwa awe na mwili mwepesi, kiuno kizunguke. Akamwambia, "Wewe ndiye ukuta wangu, Kibonge. Nikikutoa pale, nani atanidakia?" Akampa chungwa.

"Kwani ulipomrushia alisemaje?" niliuliza.

"Sikumrushia, Shangazi. Hakuniambia nirushe."

Nilisimama, nikatafuta viatu. Mdomo wangu hauna breki na kila mtu anajua. Nilitaka kumuuliza yule bwana lini macho yake yalianza kupima mkono wa mtu kwa kutazama kiuno. Hebu rusha nione. Maneno matatu tu! Yangemgharimu nini? Lakini Kibonge alinishika gauni, akanisihi nisiende, ataonekana amenituma. Nikavua viatu, damu inachemka.

Ikaja fainali. Kwenye viti vya mbele walikaa watu waliokuja kuchagua wasichana wa timu ya mkoa, na mimi nilifunga kazi nikaenda. Timu yetu ilikuwa inaongoza. Mchezo ukielekea ukingoni, Twiga akapigwa na mpira kwenye vidole vya mkono wa kurushia. Vikavimba pale pale, akatolewa analia.

Kocha akageuka kuangalia wachezaji wake. Kibonge alikuwa ameshasimama. Alivua kinyago, akakishika mkononi, nywele zimelala kwa jasho, akamtazama Kocha usoni. Nilisimama na mimi, nikasema kimya kimya, mwone, mwone, yuko mbele yako.

"Vaa kinyago, Kibonge," Kocha alimwambia.

Akamwita msichana aliyekuwa anacheza kule mwisho wa uwanja, mwembamba, mrefu, ambaye hakuwahi kurusha mpira wa mechi maishani mwake. Alikuwa na umbo la mrushaji, basi.

Masikini yule mtoto, simlaumu. Mipira yake ilienda juu, ikaenda kando, ikachimba ardhi. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bila kupiga, na wapinzani wakawa wanatembea tu, kituo hadi kituo, mpaka mabao. Na Kibonge akajitupa kwenye kila mpira, kwa kifua, kwa shingo, kwa magoti, anazuia aibu isiyo yake. Tulifungwa. Kocha alimkumbatia Kibonge mbele ya watu, machozi yanamtoka kweli, akasema bila yeye tungefungwa mabao ya kutisha. Watu wa timu ya mkoa waliandika jina la Twiga, vidole vyake vikiwa kwenye barafu. Mdakaji walimchukua wa timu iliyoshinda.

Njiani nilimpoza kwa maneno, nikamwambia mwaka ujao upo.

"Hapana, Shangazi. Mimi michezo siipendi sana kama unavyodhani."

Alilisema hilo kwa sauti tulivu kabisa. Hakugusa tena ule ukuta. Nilisubiri kelele zile nilizozipigia makelele, zikawa haziji, na nyumba ikawa kimya kiasi cha kuniumiza.

Sasa ni mtu mzima. Anafanya kazi ya dobi hospitalini, anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, siku nzima amesimama kwenye mvuke. Magoti yaliharibika kwa kule kuchuchumaa. Akitaka kuokota kitu hushika meza kwanza. Aliolewa, wakashindwana, akarudi chumba cha nyuma. Wauguzi wanampenda kwa utani wake. Husema hospitali nzima wanaolala kazini bila kufukuzwa ni mashuka yake tu. Huyo ndiye mwanangu, mtu wa kuchekesha wenzake, na mimi peke yangu ndiye ninayejua mahali panapomuuma.

Mwaka huu Kocha alikuja kwangu na mkongojo. Amezeeka, amestaafu, bado ana machungwa mfukoni. Alitaka Kibonge awafundishe wasichana wa shule siku za Jumamosi.

"Huyu alizaliwa mdakaji," aliniambia, fahari imemjaa. "Sijapata kumwona mtoto aliyeipenda ile nafasi kama yeye."

Nilimtazama Kibonge. Alinikonyeza ninyamaze, akamwambia mzee, "Sawa, Kocha." Ila jioni ile nilimsikia anaimba akioga, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka.

Jumamosi ya kwanza nilimsindikiza na fulana nilizowashonea watoto. Alikuwa amevaa filimbi shingoni, amependeza. Akawapanga mstari, akapita mbele yao anachechemea, akiwatania mmoja mmoja. Wewe hapa. Wewe una mbio, nenda kule mbali. Karibu na mwisho wa mstari alisimama msichana mnene, mabega mapana, macho yake yako kwenye mpira uliokuwa mkononi mwa Kibonge. Kibonge akainama kwa shida, akashika kinyago na kinga, akampa.

"Wewe utadaka," alisema, akampigapiga begani. Akaendelea na wa pili yake.

"Sawa, Kocha," mtoto alisema.

Fulana zikaniponyoka. Mazoezi yakaisha, tukaanza kurudi, na mimi nikajikaza mpaka tulipofika kwenye duka la vipuri vya baiskeli. Hapo breki zikakatika.

"Yule mtoto uliyempa kinyago. Ulimwambia arushe?"

"Yupi? Yule mnene?" Aliendelea kutembea. "Yule ni mdakaji, Shangazi. Anaonekana tu."

Akapiga hatua nyingine mbili tatu, akasimama. Hakugeuka. Akatafuta ukingo wa baraza la duka kwa mkono, akakaa, na kukaa kwake kulimchukua muda kwa sababu ya yale magoti. Alilia pale mbele ya matairi na minyororo, mwenye duka akaniuliza kama nataka maji. Hasira niliyoiweka miaka yote kwa ajili ya Kocha nilikuwa nayo, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Wiki ile nzima hakutania mtu kazini. Jumamosi iliyofuata alitangulia uwanjani mapema, ameshika mpira, ameshafanya mazoezi ya maneno atakayosema. Wasichana wakaja wote, isipokuwa mmoja. Mlinzi wa getini alimkabidhi Kibonge kinyago na kinga vilivyoachwa pale na yule mtoto. Vilikuwa vimefutwa vumbi, mikanda imekunjwa vizuri.

Baada ya mazoezi alimfuata nyumbani kwao. Aliporudi nilikuwa nakata kitambaa. Aliweka mpira mezani, katikati ya vipande vyangu, akashika meza, akakaa.

"Umempata?"

"Nimempata. Nimemwomba msamaha. Nimemwambia, twende hata hapo nje tu, hebu rusha nione."

"Akasemaje?"

"Ana adabu sana, Shangazi. Ameniletea kiti." Aliutazama mpira. "Akaniambia, 'Asante, Kocha, lakini mimi michezo siipendi sana.' Kwa sauti tulivu, kama ile niliyokuambia nayo mimi."