Mtoto Aliyekataa Chakula Kisicho na Chumvi

Asubuhi moja bibi yangu Asegelile alimfunua mwanawe blanketi, akapiga yowe.

Mtoto hakuwa na macho.

Yaani yalikuwepo, ila uso ulikuwa umevimba mpaka umeyafunika. Ilibaki mistari miwili tu. Mtoto mwenyewe anauliza, "Juba, mbona bado giza?"

Juba ni mama, kwetu.

Jamani, Ikombe nzima siku hiyo ilisema ni uchawi. Haikuwa uchawi, zilikuwa figo. Mimi ninayeandika hapa nafanya kazi wodi ya kusafisha damu. Vifo nimeviona vingi, lakini hiki cha mtoto huyo, mjomba wangu aliyekufa kabla sijazaliwa, ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ikombe ni mlima nyuma na ziwa mbele, ukitaka kwenda popote unapanda mtumbwi. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga vyungu kwa mkono na kuvipeleka sokoni Matema kubadilishana na mpunga na ndizi.

Asegelile alikuwa fundi kwelikweli. Chungu chake ukikigonga kinaitika.

Mtoto aliitwa Ambokile. Alikuwa ametoka kuugua upele wenye usaha miguuni, ukapona, kila mtu akausahau. Sasa mwili umevimba, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, juu una povu.

"Twende kwa mganga wa mlimani," alisema Sadoki, mumewe.

"Kwa mganga nenda wewe, na vyungu vyangu umlipe. Mtoto anakwenda zahanati."

Sadoki alimjua mkewe. Akachukua kasia.

Ilikuwa zahanati ndogo ambayo leo haipo tena. Aliyekuwepo ni dresa, ndivyo walivyoitwa watabibu wa zahanati wakati huo, jina lake Eliud. Mtu safi, mkali, anayechukia mambo ya kienyeji kama paka na maji.

"Ugonile, tata," Asegelile alisalimia kwa magoti, akimwita baba kwa heshima.

"Ndaga. Mlete hapa kwenye mwanga."

Eliud akatia mkojo wa mtoto kwenye kichupa cha kioo, akaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Ukaganda, mweupe, kama ute wa yai.

"Unaona? Hiki ni chakula cha mwili, hakikutakiwa kutoka. Figo ni vichujio, vina vitundu vidogo mno. Vya mwanao vimeharibika. Cha kubaki kinatoka, na cha kutoka kinabaki."

"Kama chungu cha kuchujia majivu, ukikitoboa vibaya."

"Ehee! Umeelewa vizuri."

"Atapona?"

"Wengi wanapona. Apumzike, maji kidogo. Na chumvi ni marufuku, mama." Akainua pakiti ya dukani. "Hii. Inavuta maji mwilini. Hata punje usimpe, utamuua."

Asegelile alirudi Ikombe, akaichukua chumvi yote ya nyumbani, akaigawa kwa majirani. Nyumba nzima ikala chakula kisicho na chumvi, hata Sadoki. Alinuna, lakini alikula.

Aliyeshindwa ni Ambokile.

"Juba, hiki chakula kimekufa."

"Kula, mwanangu. Vijiko viwili tu."

"Kimekufa."

Wali anautema. Samaki anamgeuzia uso. Ndizi ndiyo kabisa. Mtoto analia njaa na chakula kiko mbele yake, na mama yake analia naye, huku kadogo Neli, mama yangu huyo, kakiwa mgongoni. Kilio cha mtoto mwenye njaa hakuna mama anayekizoea.

Ndipo Asegelile akakumbuka ya wazee.

Kabla chumvi ya dukani haijafika, wanawake wa ziwani walikuwa wanakata matete, wanayakausha, wanayachoma. Majivu wanayatia kwenye chungu chenye matundu chini, wanayamwagia maji, na yanayodondoka yana ladha ya chumvi. Chungu hicho Asegelile alikuwa anakifinyanga mwenyewe.

Akawaza. Dresa amekataza ile nyeupe ya dukani. Hii ni majani tu, na maji ya ziwa letu.

Alikata matete kwa mkono wake. Akachoma, akachuja, akapika ndizi kwa maji yale.

Ambokile akaonja. Akamtazama mama yake. Akalivuta bakuli.

Alikula mpaka akalamba vidole! Sadoki alicheka mpaka majirani wakachungulia. Siku zilizofuata uvimbe ukapungua, macho yakarudi, na Asegelile akawa anachuja kila siku, anaimba.

Eliud alikuja na mtumbwi kumwangalia mgonjwa.

"Chumvi umempa?"

"Hata punje, tata."

Na ilikuwa kweli. Ya majivu hakuitaja. Nani angejipeleka kutukanwa mbele ya mumewe kwa mambo ya kienyeji?

"Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea hivyo hivyo.

Mkojo ukawa kidogo, halafu karibu hamna. Ambokile akasema miguu yake mizito. Akasema, "Juba, moyo wangu unaruka." Mama akadhani ni furaha ya kupona.

Mchana mmoja mtoto ameshiba, amelala mkekani kivulini. Asegelile yuko pembeni anafinyanga.

"Juba."

"Ngoja kidogo, mikono yangu ina udongo."

Akalainisha mdomo wa chungu, akanawa, akageuka.

Ambokile alikuwa ameshakwenda.

Msibani Eliud alisema mbele za watu, "Huyu mtoto alipewa chumvi." Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokijua.

Sadoki alimwamini Eliud, lakini hakumpiga mkewe, wala hakumfukuza. Aliacha tu kula chakula cha mkono wake. Alikula kwa kaka yake mpaka siku anakufa, na Asegelile aliendelea kumpikia. Sahani inarudi imejaa.

"Naapa kwa Kyala, Mungu wetu, sikumpa," alikuwa akiniambia nilipokuwa mdogo. "Nilimchujia ya majivu kwa mikono yangu. Eliud alinisingizia."

Nami nikakua nikimchukia Eliud.

Nikaenda kusoma. Siku moja mwalimu akafundisha potasiamu, madini tunayoyapata kwenye chakula. Kila seli ya moyo, akasema, inapiga kwa sababu potasiamu ni nyingi ndani yake na ni kidogo nje, kwenye damu. Figo ndizo zinazotoa inayozidi. Figo zikilala, inajaa kwenye damu, seli zinashindwa kurudi tayari kwa pigo lingine, na moyo unasimama. Tena ghafla, mgonjwa anaweza kuwa anaongea na wewe.

Halafu akataja vyakula vya kuogopwa. Ndizi. Na chumvi ya majivu ya mimea, maana hiyo karibu yote ni potasiamu.

Nilifunga daftari, nikatoka darasani kabla hajamaliza.

Kilichonimaliza zaidi ni hiki. Ugonjwa ule wa watoto, unaokuja baada ya upele, wengi huisha wenyewe. Ambokile alihitaji kuvumilia njaa kidogo tu.

Niliapa kwamba Bibi hatalijua hilo kamwe. Mtu amefika miaka themanini na ushee, kilichomsimamisha ni kujua kwamba hakuua. Nani mimi nimnyang'anye?

Nikanyamaza miaka.

Kisha mama yangu Neli akaugua presha, figo zikaanza kushuka. Akakatazwa chumvi. Akaenda Ikombe kupumzika kwa mama yake, nami likizo nikapanda mtumbwi kuwafuata.

Nikamkuta Bibi jikoni. Mbele yake kuna chungu chenye matundu, maji yanadondoka.

"Mama yako chakula hakimshuki," akasema, anatabasamu. "Namchujia kidogo."

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilikaa chini. Nikashika mikono yake. Nikamwambia yote.

Hakulia.

"Kwa hiyo Sadoki alikuwa na haki."

"Hapana, Bibi. Hakuna aliyejua. Hata Eliud hakujua."

"Aliumia?"

"Moyo ulisimama tu."

"Aliniita. Nikamwambia angoje."

Hapo nililia mimi.

Bibi akainuka kwa shida, akakataa nimsaidie. Akakibeba chungu na maji yake, akatoka, akamwaga maji na majivu kwenye majani. Akarudi, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mama yako atakula hivyo hivyo," akasema. "Akilia, mwache alie."

Bibi alifariki mwaka uleule. Mama yangu yupo mpaka leo.

Ndugu zangu, daktari akikukataza kitu, mwambie na unachoweka badala yake, hata kama unaona aibu. Na sisi tunaotibu tuache ukali, tuulize watu wanakula nini huko nyumbani. Mjomba wangu alikosa swali moja tu la kumwokoa.