Viatu Mlangoni

Ugonjwa wangu unaitwa MS. Unashambulia mishipa ya fahamu, kwa hiyo mguu wangu wa kushoto hupata habari kwa kuchelewa. Pale soko la Mchikichini, ninapouza blauzi za mitumba, wateja walioniona nikiyumba waliamua kwamba ninakunywa pombe. Sikuwabishia. Mlevi husemwa, lakini huachwa aendelee na biashara yake.

Kaka yangu mkubwa hakutaka kuniacha. Nilipoanguka uani alitoka Masasi, akatangaza kwamba nikianguka tena, meza ya sokoni inauzwa na mimi narudi naye kijijini. Kisha akakaa palepale nyumbani, anasubiri nianguke. Hilo lilinitisha kuliko ugonjwa.

Mimi na shangazi, ninayeishi naye Ilala, tukatii kila alichosema mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mikeka ikakunjwa. Fundi akafunga bomba la kushikia ukutani, kutoka sebuleni hadi chooni kule uani. Shangazi akaacha kudeki kabla sijaamka, nisije nikateleza, jambo lililomuuma kama msiba. Nyumba ikawa salama kabisa, mpaka watu waliposikia kwamba niliwahi kuanguka.

Ijumaa baada ya sala wakaja kunipa pole, majirani na wenzangu wa sokoni. Kila mmoja, kwa adabu zake, alivua viatu kwenye mlango wetu pekee, ule wa uani: kandambili, makobazi, raba, visigino virefu. Wakaketi sebuleni kunihurumia kwa kuanguka, huku mlango wa kutokea uani umejaa viatu. Nami nilikuwa nimebanwa na mkojo.

Nikasimama. Kaka akautazama mguu wangu. Nilipofika mlangoni hapakuwa na pa kukanyaga. Niliogopa sana, niliiona meza yangu inakwenda.

"Kila mtu achukue viatu vyake!" shangazi akafoka. "Avipakate!"

"Shangazi, viatu ndani ya nyumba?" kaka akauliza.

"Anza wewe, mwanangu. Hayo mabuti yako ndiyo yameziba njia."

Wakavifuata. Punde wageni wote walikuwa wameketi na viatu mapajani, wanakunywa chai na kuulizana bei ya vitunguu. Hakuna aliyecheka. Nikashika bomba, nikapita. Chooni nililia kwa furaha, nikanawa uso, nikarudi kwa miguu yangu.

Kaka alikuwa bado ameyapakata mabuti yake.

"Kesho narudi Masasi," akaniambia. "Peke yangu."