Mashine Iliyosahau Kibali Chake

Kazi yangu hapa Kakola, kwenye machimbo ya dhahabu, ni kutengeneza pampu za umeme zinazovuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Nilikuwa na mashine ya kupimia, ile inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Niliinunua imeshatumika, na kibali cha vipimo vyote, yaani herufi za siri za kiwanda zinazovifungua, kikiwa ndani. Betri yake ndogo ilipokufa niliweka mpya, nikawasha, nikakuta imesahau kibali. Nusu ya vipimo ikawa imefungwa. Niliandikia kiwanda, wakanijibu kwa adabu kwamba mashine hiyo hawaihudumii tena.

Nikaipakia kwenye bodaboda hadi Kahama, kwa mama mmoja mwalimu wa fizikia. Watu walisema huwa anafungua mashine kwa kupenda tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iweke hapo. Usiiwashe."

Aliifungua, akapiga picha kila kipande kabla ya kugusa kitu. Kisha akaunganisha waya kwenye kumbukumbu ya mashine na kunakili kila kilichomo kwenye kompyuta yake.

"Kwanza nakala," alisema. "Nikikosea, nina pa kurudi."

Jumamosi tatu nilikaa kando yake. Mimi niliona safu za namba na herufi zisizo na maana. Yeye alitafuta maneno yale yale ambayo kioo kilikuwa kinaonyesha, "kibali hakipo", akayapata, halafu akarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta mashine inaamulia wapi kuyasema. Alikuwa akiandika kwa penseli kwenye daftari la hesabu, anafuta, anaandika tena. Jumamosi ya tatu alicheka peke yake.

"Njoo uone. Inachukua namba yake ya kiwandani, inaikoroga, inalinganisha na kibali. Basi."

Akakokotoa kibali cha mashine yangu, akanisomea herufi kumi na sita. Niliziingiza kwa haraka, nikakosea, mashine ikakataa. Mara ya pili ikazimika, ikawaka, na vipimo vyote vikafunguka.

"Mama, umeivunja!"

"Sijavunja kitu. Ulikuwa na kibali, nimeikumbusha."

Kwa furaha nilitangaza kila mahali. Haikupita wiki, mfanyabiashara kutoka Geita akamfuata mama na mashine mpya za kiwanda kingine, amfungulie vipimo visivyolipiwa, yeye akauze. Nilikuwepo. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hizi, wenye kiwanda wapo, na vibali wanauza. Kaombe huko."

Yule bwana alibembeleza, akapandisha sauti. Mama akafunika kompyuta yake, akamsindikiza hadi mlangoni.

Nilijiinamia kwa aibu, nikasubiri kugombezwa. Badala yake alinisogezea kiti, akaweka mbele yangu ile nakala ya mwanzo.

"Sasa patafute wewe, mahali inapokagua kibali."

Ilinichukua Jumamosi tano. Nilipomwonyesha mahali penyewe, alivaa miwani, akafuata mistari yangu yote kwa kidole, akachukua kalamu nyekundu na kunipigia tiki kama mwanafunzi wa kidato cha pili.