Fundi wa Nje ya Ua

Bwanausi alikuwa amelipanga jambo lake vizuri. Hata Ashatu, ambaye tangu usichana wake hakuwahi kuzidiwa kwenye mapatano, ilimbidi akiri kimoyomoyo kwamba mpango ule haukuwa na tundu la kupitia.

Lori la marehemu mumewe, Kibwana, lilikuwa ndani ya ua wa nyumba, pampu yake ya maji imekufa. Bwanausi, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba mali ya mirathi haitoki uani mpaka igawanywe. Wazee wakaitikia, kwani ndivyo. Akasema tena kwamba mjane aliye edani haingiliwi uani na mwanamume asiye maharimu wake, ila anayefuatana na mkubwa wa ukoo. Wazee wakaitikia, kwani hilo nalo ndivyo. Ukiyaunganisha maneno yale mawili unapata la tatu, ambalo Bwanausi hakulisema: lori haliendi kwa fundi, na fundi haliendei lori.

"Na lori bovu," akamalizia kwa upole, "ni mahali pa kuku kutagia. Tuliuze. Nimepata mtu wa Dar es Salaam, atakuja Ijumaa baada ya alasiri."

Ashatu alikuwa nyuma ya pazia, amejifunga kaniki yake ya eda. Hakulia. Alikwisha kulia ya kutosha, na kilio hakikuwa na la kufanya hapa. Yeye ndiye aliyeanza na sinia la vitumbua pale malori yaliposimama, akahamia samaki wa kukaanga, wanaotoka Mlingotini, na Kibwana alipokuja kumposa alikuwa utingo asiye na hata baiskeli. Nusu ya lori lile ilitoka kwenye kikaango chake. Lakini lilinunuliwa kwa jina la mume, bila shahidi, na Ashatu hakuwa mtu wa kupoteza pumzi kwa neno asiloweza kulithibitisha. Likiuzwa, yeye atapewa thumuni yake na kurudi kwenye sinia. Likibaki likifanya kazi, mpaka eda itoke atakuwa na cha kusimamia.

"Na likiwa zima?" akauliza kutoka nyuma ya pazia.

Wanaume wakacheka. Mzee Mwinyijuma, baba mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, hakucheka.

"Likiwa zima, mwanangu, hakuna haja ya kuliuza kwa pupa. Litafanya kazi mpaka eda yako iishe, ndipo tugawane."

"Zima kivipi, baba? Tusije tukabishana hiyo Ijumaa."

"Tulikute linanguruma, na lisichemke."

"Kwa muda gani?"

Mzee akafikiri. "Tutakunywa kahawa. Birika likiisha na lori halijachemka, ni zima."

"Na likizimika au likichemka kabla," Bwanausi akadakia, "linavutwa siku ile ile."

"Nimekubali," Ashatu akasema haraka, kabla hajatokea mtu wa kuongeza sharti jingine.

Fundi hawezi kuingia. Lakini hakuna aliyesema fundi asisimame nje.

Polikarpo alikuwa fundi aliyejifunza kazi kwenye karakana ya misheni, mtu mrefu mwenye mdomo. Alipopata ujumbe wa Ashatu alipanda baiskeli hadi Fukayosi, kwa mkulima mmoja aitwaye Hieronimo, aliyekuwa na lori la namna ile ile, limekufa miaka mingi, limeota majani. Alipeleka maneno ya Ashatu kama alivyotumwa: pampu ikifanya kazi, pamba ya Hieronimo itabebwa msimu huu bila nauli, ikigoma, anarudishiwa pampu yake na hapana anayemdai mwenziwe. Hieronimo alitaka misimu miwili. Polikarpo akapanda baiskeli yake kama anayeondoka, kama alivyofundishwa, na akaitwa kabla hajafika njiani.

Pampu ilikuja imefungwa kwenye gunia. Ilikuwa moja tu. Ikipasuka, hapakuwa na nyingine kutoka Bagamoyo mpaka Kerege.

Mikono ya kuifunga ilitoka Mlingotini. Mrisho, mdogo wake Ashatu, tumbo moja, alikuwa maharimu wake na aliingia uani bila neno la mtu. Kazi yake ilikuwa kukalafati mashua: kuziba nyufa za mbao kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata mbwa akageuka. Gari aliwahi kulipanda tu.

Basi Ijumaa asubuhi walianza. Polikarpo akasimama nje, shavu karibu na makuti ya ua. Mrisho akainama ndani ya boneti. Ashatu akasimama kati yao, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule.

"Mrisho, mmekwisha kumwaga maji?" Polikarpo akaanza.

"Tumemwaga."

"Rejeta mmeitoa?"

"Ipo chini."

"Haya. Mbele yako unaona nini?"

"Naona chuma."

"Chuma gani, bwana? Gari zima ni chuma!"

"Polikarpo," Ashatu akaingilia, "anaona feni, na nyuma ya feni kuna kitu kama bakuli, kimeshikwa kwa nati nne."

"Ndiyo hiyo, Mama Zuleha," Polikarpo akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Aanze kuzifungua."

Njiani wapita njia walikuwa wakimwangalia fundi mzima anayefokea makuti. "Vipi Polikarpo," mmoja akamtupia, "umeoa ua?"

"Mahari nimemaliza, nangoja anijibu," Polikarpo akasema bila kugeuka.

Nati tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu. Mrisho akavuta spana hadi mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaiweka chini akachukua nyundo.

"Anachukua nyundo!" Ashatu akapiga kelele.

"Mnyang'anye! Hicho ni chuma cha kumimina, kinavunjika kama chungu. Mimina mafuta ya taa hapo, mkae."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ilegee. Mimi sikuitia kutu."

Wakakaa. Kukaa ndiko kulikomchosha Ashatu kuliko kazi. Jua lilipanda juu ya ua, adhana ya adhuhuri ikasikika, Mrisho akaenda kuswali Ijumaa na kurudi, na nati ilikuwa pale pale. Alipoijaribu tena ikatoa mlio mkali. Ashatu alidhani imekatika. Ilikuwa imegeuka.

Pampu ya zamani ilitoka, mhimili wake umelika hadi unacheza kama jino bovu. Wakakwangua uso wa injini, Ashatu mwenyewe akakata kipande cha ngozi kwa kufuata alama ya pampu, wakakipaka grisi na kukiweka katikati. Polikarpo akawaimbia namna ya kukaza: kidogo hapa, kidogo mkabala wake, usimalize upande mmoja. Mrisho alikaza taratibu, akihema, na chuma hakikupasuka.

"Sasa," Polikarpo akasema, "pale mhimili unapoingia, nyuma ya feni, kuna nati moja kubwa. Chini yake panatiwa uzi wa kuzuia maji. Uzi wenyewe sina."

"Mimi ninao," Mrisho akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa ya mtu aliye kazini kwake. Akatoa pamba ya kalafati mkobani, akaisokota, akaichovya kwenye sifa, akaizungusha mhimilini safi kama mtu afungaye kilemba.

"Vizuri. Rudisha nati, ikaze kwa mkono tu. Sikilizeni wote wawili. Maji yatadondoka hapo. Yaache yadondoke. Tone, halafu tone. Hilo tone ndilo linaloupoza mhimili."

"Sawa," Mrisho akasema. Lakini alisema kama mtu aliyeambiwa asile mbele ya chakula.

Rejeta ikarudi, mkanda ukavikwa, maji ya mvua kutoka kwenye pipa yakatiwa. Ashatu akapanda kwenye usukani, Mrisho akazungusha hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili lori likakohoa. Mara ya tatu likashika, likatikisika lote, kuku wakaruka juu ya ua, na Polikarpo kule nje akapiga makofi. Chini ya feni tone likaning'inia, likaanguka. Likafuata jingine.

Alasiri ilikuwa imekaribia. Ashatu aliingia ndani kuchemsha kahawa.

Harufu ndiyo iliyomtoa jikoni. Sifa iliyoungua. Alipofika uani lori lilikuwa likinguruma, lakini ngurumo ilikuwa imebadilika, mkanda ulikuwa ukilia kama paka aliyekanyagwa, na nyuma ya feni moshi mwembamba wa bluu ulikuwa unapanda. Chini palikuwa pakavu.

"Mama Zuleha!" Polikarpo akaita. "Nani kagusa ile nati?"

Mrisho alikuwa amesimama na spana mkononi.

"Ilikuwa inavuja, dada," akasema. "Mimi siwezi kukiacha kitu kinavuja. Watu wangenicheka."

Miaka yake yote amelipwa kwa sababu tone halipiti. Ashatu aliliona hilo, na hakuwa na nafasi ya kulifikiria.

"Nalizima!"

"Usizime!" Polikarpo akafoka. "Mhimili umepata moto. Ukisimama sasa utakwama, halitawaka tena leo. Legeza nati hivyo hivyo, feni inazunguka. Kwa kinyumenyume, kidogo mno!"

Mrisho akapeleka mkono. Mkono wa mkalafati, mpana kama kasia, haukupita kati ya feni na injini. Akajaribu tena, ncha ya spana ikagusa feni, ikarushwa ikaangukia kwenye mchanga.

"Hodi!" Sauti ya Mzee Mwinyijuma, langoni.

Ashatu hakujibu. Mwanamume haingii uani kwa mjane mpaka aitikiwe, na mjane haitikii mpaka awe ndani nyuma ya dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe, eda ilimfaa kitu. Aliivua shuka aliyojitanda mabegani akaitupa, akakaza kaniki kifuani ili ncha yake isinaswe, akaokota spana na kupitisha mkono kutoka ubavuni, chini kwa chini. Upepo wa feni ulimpiga usoni. Upande wa chini wa kiganja ukagusa chuma, akasikia ngozi yake ikiungua.

"Hodi!"

"Wamelala?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwanausi. "Au limewashinda?"

Spana ikateleza. Akairudisha, kwa kupapasa tu, maana moshi ulimfumba macho. Ikakaa. Akavuta. Nati haikwenda. Akavuta tena, kwa uzito wake wote lakini bila kuurusha mwili, kwa kuwa feni ilikuwa kiasi cha vidole viwili kutoka kiwiko chake. Ikaenda. Mvuke ukapiga chafya, maji ya moto yakamrukia kifundoni, na kile kilio cha mkanda kikakatika.

"Hodi ya tatu!" Bwanausi akasema kwa furaha. "Hawaitiki. Baba, tuite watu waje kulivuta."

Tone. Halafu tone. Ashatu alikimbia ndani, akajifunika, akashusha pumzi moja ndefu.

"Karibuni," akasema dirishani. "Samahani, nilikuwa na mkono kazini. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona pananuka papa?"

"Mrisho yuko hapa, baba," akajibu, na mzee akaridhika.

Wakaingia: mzee, Bwanausi, na mnunuzi wa Dar es Salaam, mtu mnene aliyevaa kofia ya lasi. Mnunuzi alizunguka lori. Bwanausi akainama mara moja.

"Linavuja hili! Tazameni!"

"Shemeji," Ashatu akasema, "pana kopo la maziwa karibu na mguu wako. Litege. Likijaa kabla birika halijaisha, muuzieni bwana huyo, nami sitasema neno."

Mnunuzi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Alijua kwamba tone lile si ugonjwa. Lakini hakuwa amekuja kumsaidia mtu.

Mrisho akaleta kahawa. Birika lilikuwa lile dogo la wageni wa ghafla.

"Hili ndilo birika?" Bwanausi akang'aka.

"Ukubwa hukuuliza," mzee akasema, akapokea kikombe.

Basi Bwanausi, ambaye siku zote hugida kahawa kama maji, siku ile alionja kama mgonjwa anayelazimishwa uji. Alipuliza. Aliuliza habari za jamaa. Ashatu nyuma ya dirisha alishikilia mkono wake ulioungua na kutazama kifuniko cha rejeta, ambako uzi wa mvuke ulikuwa umeanza kuonekana, ukapotea, ukaonekana tena. Mrisho alikuwa ameketi juu ya mikono yake.

Mzee akanyoosha kikombe, akamiminiwa. Mnunuzi akamiminiwa. Bwanausi akakifunika chake kwa kiganja.

"Bado ninacho."

"Basi cha mwisho ni changu," mzee akasema, akajimiminia, akaligeuza birika, masimbi ya kahawa tu yakadondoka. Akasimama, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiondoa. "Lina joto. Halichemki."

Kopo halikuwa limelowa zaidi ya kitako.

"Lori linabaki," Mzee Mwinyijuma akasema.

"Kwa masharti yale yale, baba?" Ashatu akauliza. "Yaseme tena, kwa sauti, na Polikarpo aliye nje asikie, na bwana huyu mgeni asikie."

Mzee akayasema: linatoka uani, linafanya kazi, mpaka eda iishe. Kutoka nje Polikarpo akaitikia kwamba amesikia. Bwanausi akaweka kikombe chini, bado kimejaa, akatoka bila kuaga.

Mnunuzi alichelewa langoni. "Bibi," akasema kuelekea dirishani, "mimi nilikuja kununua chuma chakavu. Kwa hili naweza kuongeza."

"Njoo eda ikiisha," Ashatu akamjibu. "Na uje na bei ya gari zima."