Mashine ya Kina Katika Baridi ya Othaya

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na duka la vyombo vilivyokwisha kutumika mjini Othaya. Miaka ile baada ya uhuru wazungu wengi wa upande wa Nanyuki walikuwa wakiuza mashamba na kurudi kwao, naye alikuwa akipanda huko na pikapu ya kukodi kununua walichoacha. Siku moja alirudi na kabati mbili na mashua.

Sisi Othaya hatuna ziwa. Tuna mito ya haraka iliyojaa mawe, na vilima vya chai. Majirani walikuja kuigonga ile mashua kwa vidole wasikie imetengenezwa kwa kitu gani, maana haikuwa mbao wala bati. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Nyeri, nikiishi kwa shangazi, na jioni ile niliingia ndani yake na viatu vyangu vya ofisi nikakaa kama abiria.

"Usiguse hiyo," shangazi akasema.

Mbele ya usukani palikuwa na kisanduku cheusi chenye uso wa kioo kama saa, na namba kuuzunguka. Waya mrefu ulitoka nyuma yake. Mzungu mzee aliyeuza mashua alikuwa amemweleza shangazi kwamba ni mashine ya kupima kina: unaiwasha majini, na kitaa chekundu kinawaka kwenye namba ya futi zilizo chini yako.

"Alisema mashua haina shida, hata ikinyeshewa," shangazi akaeleza. "Lakini hii ati miezi ya baridi ikiingiwa na unyevu, imekufa. Na mnunuzi niliyempata, wa Kisumu kule ziwani, haji mpaka baridi iishe."

"Inajuaje kina bila kugusa chini?"

"Niliuliza. Alisema inapiga kelele ambayo hatuisikii, halafu inangoja mwangwi."

Sikulala vizuri kwa kuwaza jambo hilo.

Baridi ilipoanza, ukungu ulishuka ukakaa. Mabati ya stoo tulimoiweka mashua yalikuwa yakidondosha maji asubuhi hata kama mvua haikunyesha. Tulifungua skrubu tukakitoa kisanduku. Tukatoa betri zisije zikavuja ndani, tukafuta ncha za waya na kuzipaka mafuta ya mgando zisishike kutu, na waya wenyewe tukauning'iniza juu, mbali na panya. Shangazi alitaka mashine ipate joto, kwa hiyo kila jioni niliibeba hadi jikoni, na asubuhi, kabla moshi haujajaa, niliirudisha stoo. Tuliona tunaitunza kama mtoto.

Baada ya muda nikaona matone ya maji nyuma ya kioo. Kwa ndani.

"Nani ameimwagia maji?" shangazi akauliza kwa ukali.

Hakuna aliyeimwagia. Niliitazama siku nzima ya Jumamosi nisipate jibu. Jumapili tukatoka kanisani, tumetembea katika manyunyu, shangazi akatangulia kuingia jikoni ambako moto ulikuwa unawaka. Miwani yake ikageuka nyeupe papo hapo. Akasimama mlangoni akiifuta kwa leso.

"Shangazi, hebu toka nje kidogo, halafu uingie tena."

"Unanichezea?"

"Tafadhali."

Alitoka, akasimama kwenye baridi, akaingia. Miwani ikawa nyeupe tena.

"Ona," nikamwambia. "Kitu cha baridi kikiingia kwenye joto kinatoa jasho. Mashine nayo tunaitoa jasho kila jioni."

Alitoka mara ya tatu bila kuombwa, akarudi polepole, akiwa amekodoa macho ili aone ukungu unavyoanzia pembeni mwa kioo.

Tukaacha kuihamisha. Tuliifungua, tukaianika siku jua lilipojitokeza, kisha tukaifunga kwa shuka kuukuu la pamba, si nailoni, maana nailoni ingefungia unyevu ndani. Tukaiweka juu ya kabati chumbani mwake, mahali pasipo na moto wala umande, pamoja na kopo la mkaa mkavu wa kunyonya unyevu. Mara kwa mara tulikunjua shuka kukagua. Kioo kilibaki kikavu.

Baridi ilipoisha mnunuzi alikuja, Mjaluo mrefu, mpole.

"Mama, mashua nimeipenda," akamwambia shangazi. "Lakini hii mashine, nitajuaje ni nzima?"

Tukaivuta mashua hadi kwenye bwawa la kiwanda cha kahawa. Watu walitufuata, wakisema tunajisumbua, kina cha lile bwawa hakina mwisho. Shangazi, ambaye hakuwahi kupanda chombo cha majini, aliingia pamoja nasi akashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Mnunuzi akakirudisha kisanduku mahali pake, akaunganisha waya, akatia betri mpya, akawasha. Kitaa kikazunguka, kikawaka kwenye kumi na mbili.

"Futi kumi na mbili!" nikapiga kelele.

"Uongo," mtu akajibu kutoka ukingoni. Akatafuta kamba, akafunga jiwe, akaturushia. Mnunuzi akaishusha, akaipima kwa mkono. Kumi na mbili, pengine kasoro kidogo. Watu wakatazamana kama walionyang'anywa kitu.

"Tumeridhika, turudi," mnunuzi akasema.

"Bado," shangazi akasema. Alikuwa ameachilia ukingo na kuinamia kioo. "Nipeleke pale kwenye matete."

Pale palikuwa futi nne.

"Na pale kwenye kivuli?"

Mnunuzi alinitazama, akacheka, akachukua kasia. Tulizunguka bwawa zima, mpaka wale wa ukingoni wakachoka wakaenda kwao, na shangazi bado alikuwa akionyesha kwa kidole mahali pengine.