Mikono ya Masele

Masele ni mtu mpole kupita kiasi, na upole wake umenitesa mwaka mzima. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha samaki kando ya ziwa, katika chumba cha kugandishia minofu ya sangara. Nje jua la Mwanza linawaka, watu wanatafuta kivuli. Sisi tumevaa makoti mazito, mabuti na glovu, tunaingia kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Pumzi inakugandia kwenye kope. Unakaa robo saa, unatoka.

Mlangoni alikaa Kija, shemeji yake Masele, kazi yake kumfungulia anayegonga. Siku hiyo kitasa kilishikwa na barafu. Kija alihangaika nacho muda mrefu, na Masele alipotoka glovu zilikuwa zimelowa, vidole vyeupe na vigumu kama minofu aliyokuwa akiipanga.

Hapo nikajitia kimbelembele. Mimi Florian, Mhaya, ninayetaniwa kila siku kwa kujua yote, niliwahi kuishi kwenye baridi ya Makete miaka miwili, kwa hiyo habari za baridi hakuna wa kunifundisha.

"Kaka Florian, tumsubiri nesi," Kija akasema.

Nikamwambia anyamaze, ameshaharibu vya kutosha. Nikachota maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya chai, nikayapooza kidogo tu, nikaizamisha mikono ya Masele humo. Hakulia. Nikajisifu kwamba dawa imekubali. Kumbe hakulia kwa sababu hakuwa akihisi kitu.

Vidole vinne vilikatwa. Daktari alinivuta pembeni, maana mimi ndiye niliyempeleka, akasema baridi peke yake isingefika huko. Maji ya moto ndiyo yaliyoivisha nyama. Akauliza nani alimfanyia hivyo. Nikasema, "Sijui." Neno moja tu.

Masele akawatangazia watu kwamba Florian alimwokoa na Kija alimlemaza. Kija hakurudi kazini. Yuko Magu analima mpunga, na dada yake, Suzana, mke wa Masele, humpigia simu kwa kujificha. Mimi kila Jumapili nakaribishwa kwao Pasiansi, napewa kichwa cha sato kama mgeni wa heshima, na Suzana anamfunga mumewe vifungo vya shati mbele ya macho yangu. Najiona mwizi, na bado nakula.

Jumapili iliyopita Masele aliniomba niwe baba wa ubatizo wa mwanawe.

"Vidole nilivyobaki navyo ni kwa msaada wako, kaka," akasema.

Nikaweka tonge chini. Nikamweleza yote: maji, daktari, na lile neno langu.

Nilitegemea anifukuze, na afadhali angenifukuza. Aliitazama mikono yake, kisha akamwomba Suzana amtolee simu yake kwenye mfuko wa shati. Alibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, taratibu, akikosea na kurudia. Nilipotaka kumsaidia akaikwepesha. Ilipoanza kuita akanikabidhi.

"Mwambie Kija kwanza," akasema. "Habari za mtoto tutaongea baadaye."

Nikaiweka sikioni. Kabla sijafungua mdomo, Kija akapokea, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

"Shikamoo, shemeji Masele. Nilijua siku moja utanipigia."